Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuwafundisha Wauguzi wa Wagonjwa Mahututi Kufyonza Makohozi kwa Usalama

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakufunzi wa uuguzi, wasimamizi wa wodi za wagonjwa mahututi na wauguzi wanaojiandaa kumhudumia mgonjwa aliyewekewa neli ya kupumulia au trakeostomi, yaani tundu la kupumulia lililofunguliwa shingoni. Hayachukui nafasi ya mwongozo wa kituo chako wala agizo la daktari anayemtibu mgonjwa.

Kufyonza makohozi ni kazi ya kila siku. Kwa nini ihitaji mafunzo rasmi?

Kwa sababu mazoea ya kila siku ndiyo yanayoificha hatari yake. Mgonjwa mwenye neli kwenye trakea, yaani bomba kuu la hewa, hawezi kukohoa na kutoa makohozi kama mtu mwenye afya, kwa hiyo asipofyonzwa neli inaweza kuziba na akakosa hewa. Lakini katheta ileile inayomwokoa, yaani mrija mwembamba wa kufyonzea, huvuta hewa na oksijeni pamoja na makohozi, hukwaruza utando laini wa njia ya hewa, na huigusa mishipa ya fahamu inayoweza kushusha mapigo ya moyo ghafla. Madhara yanayofahamika ni pamoja na kushuka kwa oksijeni katika damu, mapigo ya moyo kwenda bila mpangilio, kupanda au kushuka kwa shinikizo la damu, kutokwa na damu kwenye njia ya hewa, kusinyaa kwa vifuko vya hewa vya mapafu, kubanwa kwa njia za hewa, kupanda kwa shinikizo ndani ya fuvu na, katika hali mbaya kabisa, moyo kusimama. Yote hayo yanaweza kutokea ndani ya sekunde chache, mikononi mwa muuguzi mwenye nia njema aliyejifunza kwa kumtazama mwenzake, ambaye naye alijifunza kwa kumtazama mwingine.

Tafiti zilizowachunguza wauguzi wakiwa kazini zimeonyesha zaidi ya mara moja kwamba muuguzi anaweza kujibu vizuri mtihani wa maandishi, kisha kando ya kitanda akafanya tofauti na alivyoandika. Pengo hilo ndilo mafunzo yanapaswa kuliziba. Ninaamini kwamba jambo la kwanza kufundishwa ni uamuzi wa kufyonza au kutofyonza, na ustadi wa mikono ufuate baadaye.

Muuguzi atajuaje kwamba mgonjwa anahitaji kufyonzwa sasa?

Kwa kumpima mgonjwa. Ratiba ya kufyonza kila baada ya saa 2, ambayo bado inaandikwa kwenye chati za wodi nyingi, humfyonza mgonjwa asiye na makohozi na humchelewesha yule ambaye neli yake imejaa kabla ya saa yake kufika. Saa iwe ya kumkumbusha muuguzi kupima, na matokeo ya kipimo ndiyo yaamue kama katheta itaingia.

Dalili zenye uzito ni makohozi yanayoonekana ndani ya neli, sauti ya mkwaruzo wa majimaji inayosikika stetoskopu ikiwekwa juu ya trakea, na grafu ya mkondo wa hewa kwenye skrini ya mashine ya kupumulia inapokuwa na meno kama ya msumeno badala ya mstari laini. Nyingine ni shinikizo la kilele kupanda pale mashine inapotoa ujazo maalumu wa hewa, ujazo wa pumzi kupungua pale mashine inapoendeshwa kwa shinikizo, oksijeni kushuka bila sababu nyingine, mgonjwa kukohoa bila kufanikiwa kutoa kitu, au kuonekana anahangaika kupumua. Kiganja kikiwekwa kifuani, mara nyingi mtetemo wa makohozi huhisiwa kabla stetoskopu haijatolewa mfukoni.

Meno ya msumeno yanahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa yanawadanganya wengi. Maji yaliyotuama kwenye mirija ya mashine hutoa picha hiyohiyo. Mwanafunzi afundishwe kuitazama mirija kwanza, kuyamwaga maji kuelekea kwenye mtego wake na kamwe si kuelekea kwa mgonjwa, kisha arudi kuitazama skrini. Meno yakitoweka, mgonjwa ameepushwa na maumivu ambayo hayakuwa na sababu. Yakibaki, na trakea inakwaruza, afyonzwe bila kuchelewa.

Swali linaloambatana na hili huwa ni kama kuna mgonjwa asiyepaswa kufyonzwa kabisa. Kama dalili ni za kweli, hakuna hali inayokataza moja kwa moja, kwa sababu neli iliyoziba huua. Zipo hali zinazodai maandalizi makubwa zaidi, nazo zimeelezwa hapa chini.

Katheta ya ukubwa gani itumike?

Kwa watu wazima na watoto, kipenyo cha nje cha katheta kisizidi nusu ya kipenyo cha ndani cha neli. Kwa watoto wachanga, ambao neli zao ni nyembamba sana, ukomo unaokubalika ni asilimia 70. Sababu yake ni kwamba wakati wa kufyonza hewa lazima ipate nafasi ya kuingia pembeni mwa katheta kuchukua nafasi ya ile inayovutwa. Katheta ikiijaza neli, kinachovutwa ni hewa ya mapafu yenyewe, na vifuko vya hewa husinyaa.

Katheta hupimwa kwa namba za kipimo cha Kifaransa, ambapo namba 3 ni sawa na milimita 1 ya kipenyo. Hesabu inayokumbukwa kwa urahisi kwa mtu mzima ni hii: chukua kipenyo cha neli kwa milimita, toa 2, kisha zidisha kwa 2. Neli ya 8 inapata katheta namba 12, neli ya 7 inapata namba 10, na neli ya 6 inapata namba 8. Namba 14, ambayo mara nyingi ndiyo iliyo karibu kwenye droo, ina kipenyo cha karibu milimita 4.7, na ndani ya neli ya 7 inachukua takriban theluthi mbili ya kipenyo cha ndani. Makohozi yakiwa mazito, kishawishi cha kuchukua katheta nene ni kikubwa. Kinachohitajika hapo ni unyevu zaidi kwenye hewa anayopewa mgonjwa.

Shinikizo la kufyonza liwekwe kiasi gani?

Liwe dogo kadiri inavyowezekana, mradi makohozi yanatoka. Mwongozo wa Chama cha Marekani cha Tiba ya Upumuaji wa mwaka 2010 uliweka ukomo wa milimita 150 za zebaki kwa watu wazima. Mwongozo wa chama hichohicho wa mwaka 2022 unataka shinikizo liwe chini ya 200 kwa watu wazima na chini ya 120 kwa watoto na watoto wachanga. Ukomo si shabaha. Wodi nyingi hufundisha kuanza kati ya 80 na 120 kwa mtu mzima na kupandisha kidogo kidogo pale tu inapolazimu, nami naona huo ni utaratibu wa busara. Mahali ambapo kipimo ni kilopaskali, 150 ni sawa na 20.

Shinikizo lisomwe mpira wa mashine ya kufyonza ukiwa umezibwa. Mpira ukiwa wazi, kipimo kinaweza kuonyesha 100, na mara katheta inapogusa ukuta wa trakea na kuziba, shinikizo likaruka hadi juu kabisa ya uwezo wa mashine. Kuziba kwa kidole, kusoma, kurekebisha na kusoma tena ni kazi ya sekunde chache mwanzoni mwa kila zamu.

Zoezi moja linawafanya wanafunzi waelewe jambo hili bila mhadhara. Kila mmoja avae glavu, aloweshe kiganja, aweke ncha ya katheta juu yake na kuziba tundu la kudhibitia kwa kidole gumba, kwanza kwa shinikizo la 100 kisha kwa 300. Kwa 300 mpira wa glavu humezwa ndani ya matundu ya katheta, na ikivutwa huacha alama. Utando wa trakea ni laini kuliko glavu, na hakuna anayehitaji kuambiwa tena.

Katheta iingie hadi wapi, na ikae kwa muda gani?

Iingie hadi mwisho wa neli, au kupita mwisho huo kidogo sana. Huu ndio ufyonzaji wa kina kifupi, na ndio unaopendekezwa kuanza nao. Desturi ya kusukuma katheta mpaka ikwame, kisha kuirudisha nyuma, huifikisha mahali trakea inapogawanyika kuelekea mapafu mawili, sehemu inayojeruhiwa kwa urahisi na yenye hisia kali za kikohozi. Mgonjwa anayepigwa hapo kila siku hutoa makohozi yenye damu, na damu hiyo humfanya muuguzi wa zamu inayofuata afyonze zaidi.

Urefu upimwe kabla: urefu wa neli pamoja na kiungio chake. Kwenye mfumo uliofungwa, unaoelezwa hapa chini, katheta ina alama za sentimita, na zile za neli zinaweza kulinganishwa nazo. Urefu huo uandikwe kwenye karatasi na kubandikwa kando ya kitanda, ili zamu zote zitumie kipimo kimoja. Neli ya trakeostomi ni fupi mno kuliko ile inayopita mdomoni, na muuguzi aliyezoea ya mdomoni hupitiliza bila kujua. Ikiwa katheta imekwama kwa bahati mbaya, irudishwe nyuma kiasi cha sentimita 1 kabla ya kuanza kuvuta.

Kuhusu muda, kila mpito, yaani katheta kuingia na kutoka mara moja, usizidi sekunde 15, na wakufunzi wengi hulenga 10. Katheta iingizwe bila kuvuta, na uvutaji ufanyike wakati wa kuitoa. Baadhi ya walimu huwaambia wanafunzi wazuie pumzi zao wakati wa kufyonza, ili wajue mgonjwa anajisikiaje. Siupendekezi ushauri huo kama kipimo cha muda, kwa kuwa kijana mwenye mapafu mazima anaweza kukaa bila kupumua kwa muda ambao mgonjwa mahututi hawezi kuuvumilia. Kuhesabu kwa sauti ni bora, na kunampa msaidizi nafasi ya kusema "toa" hesabu inapofika.

Kwa kawaida mipito isizidi mitatu katika awamu moja, na katikati mgonjwa apewe nafasi ya kurejea hali yake ya mwanzo.

Je, kila mgonjwa apewe oksijeni ya asilimia 100 kabla ya kufyonzwa?

Mgonjwa wa mashine ambaye oksijeni yake hushuka anapofyonzwa, au ambaye inatarajiwa itashuka, apewe asilimia 100 kwa sekunde 30 hadi 60 kabla na kwa muda kama huo baada. Mashine nyingi za kisasa zina kitufe cha kufanya hivyo kwa dakika chache na kisha kurudi zenyewe kwenye kiwango cha awali. Pale ambapo mashine hairudi yenyewe, kosa la kawaida ni kusahau kuirudisha, na mgonjwa akaachwa na oksijeni nyingi kwa saa kadhaa. Hatua ya kurudisha kiwango iwe kwenye orodha hakiki ya tathmini, na anayeisahau arudie zoezi zima.

Kutumia mashine yenyewe ni bora kuliko kumtenganisha mgonjwa na kumpulizia kwa mfuko wa mkono, kwa kuwa utengano huo hupoteza shinikizo linaloyaweka mapafu wazi mwishoni mwa pumzi. Hata hivyo mfuko wa mkono lazima uwepo kando ya kitanda, umeunganishwa na oksijeni na umejaribiwa.

Tuliambiwa kuweka salaini (maji ya chumvi) kwenye neli kulainisha makohozi. Bado inafaa?

Si kama desturi. Makohozi na salaini havichanganyiki kwa urahisi ndani ya njia ya hewa, na sehemu ya maji hayo hubaki mapafuni. Oksijeni inaweza kushuka zaidi, mgonjwa hukohoa kwa nguvu na huogopa, na vimelea vilivyoganda ndani ya neli vinaweza kusukumwa chini. Makohozi mazito yatafutiwe chanzo: kifaa cha kuongeza unyevu kinafanya kazi? Kichujio cha unyevu kimejaa au kimepitwa na muda? Mgonjwa amepungukiwa maji mwilini? Daktari akiagiza salaini kwa sababu maalumu, itumike kwa agizo hilo na kwa mgonjwa huyo.

Mfumo wazi na mfumo uliofungwa: upi ufundishwe?

Yote miwili, kwa sababu muuguzi atakutana nayo yote. Katika mfumo uliofungwa katheta hukaa ndani ya mfuko wa plastiki uliounganishwa na mirija, kwa hiyo mgonjwa hatenganishwi na mashine. Unafaa zaidi kwa mgonjwa anayetumia oksijeni nyingi au shinikizo kubwa la mwisho wa pumzi, kwa yule ambaye mapafu yake husinyaa haraka, na pale ambapo matone ya maambukizi yanaweza kurushwa hewani, kama ilivyodhihirika wakati wa UVIKO-19. Wanaotarajia mfumo huu upunguze nimonia ya mashine ya kupumulia wajue kwamba ulinganisho wa mifumo hii miwili haujaonyesha faida ya wazi upande huo. Wala hakuna haja ya kuubadilisha kila baada ya saa 24 kwa mazoea tu. Ubadilishwe kwa maelekezo ya mtengenezaji, au unapochafuka au kuharibika.

Makosa ya mfumo uliofungwa yana sura yake. Mwanafunzi huacha ncha ya katheta ikichungulia ndani ya neli na kuibana njia ya hewa. Mwingine husafisha katheta kwa salaini bila kuvuta kwa wakati huohuo, na maji yote yakaenda kwa mgonjwa. Mwingine husahau kufunga kidhibiti. Kila moja lifanyiwe zoezi lake peke yake.

Usafi uzingatiwe vipi?

Mikono isafishwe kabla na baada, hata kama glavu zitavaliwa. Katika mfumo wazi, katheta iwe tasa, mkono unaoishika uwe na glavu tasa, na katheta itupwe awamu ikiisha. Katheta iliyoingia mdomoni isiingie kwenye neli kwa hali yoyote. Kuirudisha katheta kwenye karatasi yake "kwa ajili ya baadaye" ni kosa linalopaswa kusimamisha tathmini papo hapo. Macho na uso wa muuguzi vilindwe, na barakoa ichaguliwe kulingana na ugonjwa. Chupa ya kupokelea makohozi imwagwe kabla haijajaa, kwani ikijaa uvutaji hukatika katikati ya kazi.

Shinikizo la puto la neli, lile linaloizunguka neli na kuziba nafasi ndani ya trakea, liangaliwe pia. Kiwango kinachokubalika ni sentimita 20 hadi 30 za maji. Makohozi yaliyokusanyika juu ya puto yafyonzwe kabla ya kulipunguza au kuisogeza neli, la sivyo yatateremka mapafuni.

Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa za usingizi anahisi chochote?

Anahisi, na wengi waliopona huutaja ufyonzaji miongoni mwa kumbukumbu chungu za siku zao za mahututi. Maumivu yapimwe kwa kipimo cha mwenendo kinachoangalia uso, mikono na jinsi mgonjwa anavyokubaliana na mashine, na dawa ya maumivu itolewe mapema inapohitajika. Mwanafunzi azoeshwe kusema na mgonjwa kila mara, hata asiyejibu: "Mimi ni muuguzi wako. Nitakutoa makohozi sasa. Utakohoa kidogo, kisha utapumua vizuri." Baada ya kumaliza, amwambie kwamba amemaliza. Mkufunzi asiyemsemesha sanamu wa mafunzo atazalisha wauguzi wasiomsemesha mgonjwa, na kwa hilo sina mashaka.

Ni wagonjwa gani wanaohitaji tahadhari ya ziada?

Aliyeumia ubongo ndiye wa kwanza, kwa kuwa kikohozi na kushuka kwa oksijeni hupandisha shinikizo ndani ya fuvu. Kichwa chake kiwe katikati, kitanda kiinuliwe, dawa zitolewe kwa agizo kabla ya kuanza, mipito iwe michache na mifupi, na kati ya mpito na mpito shinikizo lisubiriwe lishuke. Mwenye damu isiyoganda vizuri ahudumiwe kwa shinikizo dogo na kina kilichopimwa kwa uangalifu. Aliyewahi kushuka mapigo ya moyo wakati wa kufyonzwa awe na msaidizi kando na dawa ya dharura karibu. Mwenye trakeostomi mpya ni wa kuangaliwa kwa makini kwa sababu neli yake ikitoka, njia yenyewe bado haijajiunda na inaweza kujifunga.

Hali ikiharibika katikati ya ufyonzaji, muuguzi afanye nini?

Aache. Neno hili dogo hufundishwa kwa shida, kwa kuwa mikono ya mtu anayeyaona makohozi yakitoka hutaka kumaliza. Oksijeni ikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, mapigo yakipungua au yakivurugika, au mgonjwa akibadilika rangi, katheta itolewe, oksijeni ipandishwe hadi asilimia 100 na msaada uitwe kwa sauti. Hali isiporejea haraka, mambo manne yakaguliwe kwa mpangilio: neli imehama, neli imeziba, hewa imevuja kwenye utando wa pafu, au kifaa kimeharibika. Mgonjwa akitenganishwa na mashine na kupuliziwa kwa mfuko wa mkono, urahisi au ugumu wa kuubonyeza mfuko huo utaeleza mengi.

Katheta inapogoma kupita, isisukumwe kwa nguvu. Huenda mgonjwa anaiuma neli, neli imekunjika, au makohozi yameganda ndani yake. Kwenye trakeostomi yenye neli ya ndani, hiyo ya ndani itolewe kwanza, kwani mara nyingi ndiyo iliyoziba. Zoezi la katheta isiyopita lifanywe na kila mwanafunzi, na lifanywe bila kutangazwa.

Mafunzo yapangwe vipi pale ambapo hakuna sanamu za gharama kubwa?

Sanamu wa kisasa anasaidia, lakini si sharti. Neli halisi iliyokwisha muda wake, bomba la plastiki linaloonyesha ndani, uji wa wanga uliokorogwa kwa uzito tofauti na mashine ya kufyonza inayofanya kazi vinatosha kufundisha ukubwa wa katheta, shinikizo, kina na muda. Kwa kuwa bomba linaonyesha, mwanafunzi huona kwa macho yake katheta inavyopita mwisho wa neli, jambo ambalo kwa mgonjwa hataliona kamwe. Kwa upande wa maamuzi, picha za skrini ya mashine zilizochapishwa na mkufunzi anayesoma takwimu zinazobadilika hutosha kabisa.

Onyesho lenyewe lifuate hatua nne: mkufunzi hufanya kimya kwa kasi ya kawaida, hufanya tena akieleza, hufanya mara ya tatu huku mwanafunzi ndiye anayemwelekeza, kisha mwanafunzi hufanya akieleza mwenyewe. Hatua ya tatu huachwa mara nyingi kwa kubana muda, ilhali ndiyo inayofichua kama mwanafunzi ameelewa mpangilio au anaiga tu. Baada ya kila zoezi pawepo mazungumzo ya utulivu, ambapo mwanafunzi hueleza kwanza alichokiona na kwa nini aliamua alivyoamua, ndipo mkufunzi aseme yake.

Mwanafunzi asimamiwe mara ngapi kabla ya kuruhusiwa kufyonza peke yake?

Idadi peke yake haitoshi. Anayetimiza idadi kwa wagonjwa wepesi bado hajathibitika. Ni afadhali kigezo kiwe umahiri: amemudu orodha hakiki yote kwa wagonjwa wa aina tofauti, mbele ya wasimamizi zaidi ya mmoja, na angalau mara moja ameamua kutofyonza na akaeleza sababu sahihi. Hatua za usalama, kama vile kuacha oksijeni inaposhuka, zisihesabiwe kwa alama za wastani. Akizikosa, amekosa tathmini, hata kama mengine yote aliyafanya vizuri.

Wauguzi wa miaka mingi hawapendi kufundishwa upya. Tufanyeje?

Waombwe kuwa watathmini. Muuguzi mwandamizi anayepewa orodha hakiki na kutakiwa kumwangalia mwenzake hukutana na hatua zote ambazo yeye mwenyewe huziruka, bila kuaibishwa mbele ya mtu. Tena ana mambo ya kufundisha ambayo hayamo kwenye mwongozo: jinsi ya kumtuliza mgonjwa anayeogopa, au jinsi sauti ya mashine inavyobadilika kabla ya kengele kulia. Sambamba na hilo, muuguzi mdogo apewe ruhusa ya wazi, iliyotamkwa na mkuu wa wodi mbele ya wote, kumwambia mkubwa wake "tusimame kwanza" anapoona oksijeni inashuka.

Tutajuaje kwamba mafunzo yamefanikiwa?

Fomu za kuridhika na mtihani wa mwisho wa kozi hupima kidogo. Kipimo chenye thamani ni kuangalia kazi halisi kando ya kitanda wiki na miezi kadhaa baadaye, zamu ya usiku ikiwemo, kwa orodha hakiki ileile. Pamoja na hilo, yahesabiwe matukio ya oksijeni kushuka wakati wa kufyonza, makohozi yenye damu na neli zilizotoka bila kupangwa, yakilinganishwa na idadi ya mara ambazo wagonjwa walifyonzwa.

Nimonia ya mashine ya kupumulia isitumike kama kipimo pekee. Inategemea pia kuinuliwa kwa kitanda kwa nyuzi 30 hadi 45, usafi wa kinywa, kiasi cha dawa za usingizi na muda mgonjwa anaokaa kwenye mashine. Kozi nzuri inaweza kuonekana imeshindwa kwa sababu ya mambo yaliyo nje yake, na kozi dhaifu ikapata sifa isiyostahili.

Marudio yafanyike baada ya muda gani?

Stadi za mikono huanza kufifia ndani ya miezi michache, hasa zile za dharura zisizotumika mara kwa mara. Zoezi fupi la dakika 15 wodini kila baada ya miezi 3 hadi 6 lina faida kuliko semina ya siku nzima mara moja kwa mwaka, na pia halimwondoi muuguzi kwa mgonjwa wake. Marudio yafanyike vilevile kila aina mpya ya katheta au mashine inapoletwa, kabla haijatumika.

Nini kiandikwe baada ya kufyonza?

Sababu iliyomfanya muuguzi afyonze, wingi wa makohozi, rangi yake, uzito wake na kama yana damu, idadi ya mipito, oksijeni na mapigo ya moyo kabla, wakati na baada, na jinsi mgonjwa alivyovumilia. "Amefyonzwa" peke yake haimsaidii anayeingia zamu. "Makohozi ya njano mazito kiasi, mipito miwili, oksijeni ilishuka hadi 88 ikarejea 95 baada ya dakika moja" inamwambia aandae oksijeni mapema, akague kifaa cha unyevu, na amjulishe daktari kama rangi ya makohozi imebadilika tangu jana.